Riwaya za dunia iliyoangamia na ukatili uliomo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wasomaji wenzangu wamekuwa wakiniuliza kwa miaka kadhaa. Mengine yaliletwa usiku wa manane na mtu aliyefunga kitabu katikati kwa sababu moyo ulimshinda. Nayajibu kama ninavyoyajibu tukiwa tumekaa pamoja, kwa hiyo mengine yamepata jibu refu na mengine mistari michache. Pale ninapofichua kinachotokea ndani ya hadithi, nimeonya kwanza.

Riwaya za aina hii ni zipi hasa?

Ni hadithi zinazoanza pale dunia tunayoijua ilipokoma. Chanzo kinaweza kuwa vita vya nyuklia, maradhi yasiyo na dawa, ukame, au jambo ambalo mwandishi halitaji kabisa. Waliosalia wanatafuta chakula, maji, dawa na pa kulala, na kila siku wanajiuliza yupi wa kumwamini. Si aina mpya ya uandishi. Mary Shelley alichapisha The Last Man mwaka 1826, riwaya ya tauni inayowamaliza wanadamu. Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945 hadithi hizi ziliongezeka sana, maana sasa watu walikuwa na chombo cha kujimaliza wenyewe na walilijua hilo.

Mbona zinaitwa za Kiyama? Kuzisoma si kuchezea mambo ya dini?

Mimi siziiti za Kiyama. Kwa Mwislamu na kwa Mkristo siku ile ina hakimu: matendo yanapimwa, aliyedhulumiwa anapata haki yake. Katika riwaya hizi hakuna anayekuja kuhukumu. Aliyeua anaendelea kutembea, na aliyeuawa analala kando ya barabara bila mazishi. Ni maangamizi ya hapa duniani, na mzigo wa kusema hili ni baya unaachiwa walio hai, nawe msomaji ukiwa mmoja wao.

Habari za kila siku zimejaa ukatili. Kwa nini nijiongezee?

Hulazimiki. Lakini habari na riwaya hazifanyi kazi moja. Taarifa ya habari inasema watu kumi wameuawa, kisha inafuata michezo. Riwaya inakukalisha na mtu mmoja kurasa mia mbili kabla hajafikwa na ukatili, na mara nyingine inakukalisha na yule aliyemtendea. Unajua amebakiza kopo moja la maharage, unajua mtoto wake anakohoa, na mgeni anabisha mlango. Kufika hapo huwezi tena kusema wale ni watu wa namna nyingine.

Ni kweli kwamba watu wakikosa serikali hugeuka wanyama?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote. Jibu langu ni hapana, si kwa namna riwaya nyingi zinavyosimulia.

Nyingi zimejengwa juu ya wazo kwamba ustaarabu ni rangi tu. Ukiikwangua unamkuta mnyama. Inayotajwa zaidi ni Lord of the Flies ya William Golding, ya mwaka 1954, ambamo wavulana wa Kiingereza wanajikuta kisiwani bila mtu mzima na wanaishia kuuana. Golding alikuwa mwalimu, na alikuwa amepigana katika jeshi la majini kwenye Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo hofu yake ilikuwa na asili. Hata hivyo ile ni hadithi ya kutunga. Mwaka 1965 wavulana 6 wa Tonga, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, walitoroka shule kwa mashua, dhoruba ikawapiga, wakatupwa kwenye kisiwa cha Ata ambacho hakikuwa na mtu. Walikaa huko miezi 15 hivi. Walilima bustani, walichonga magogo ya kukingia maji ya mvua, waliwasha moto na hawakuuacha uzimike. Mmoja alipovunjika mguu, wenzake waliufunga kwa vijiti na kumfanyia kazi zake mpaka ukaunga. Nahodha wa Australia, Peter Warner, aliwakuta wote wakiwa hai mwaka 1966.

Kuna kipande ambacho wasimulizi wengi hukiruka: kwa nini kisiwa kilikuwa kitupu? Kwa sababu mwaka 1863 ilifika meli ya biashara ya utumwa ikachukua watu wapatao 140, na waliobaki mfalme wao akawahamishia kisiwa kingine. Ukatili uliofika Ata ulifika na nahodha wa meli ile ya utumwa, na ulikuwa na soko lililokuwa likiusubiri.

Ndivyo ulivyo ukatili mkubwa katika historia. Rwanda mwaka 1994, watu wapatao 800,000 walipouawa kwa siku mia moja hivi, nchi haikuwa imekosa utawala. Kulikuwa na vitambulisho vilivyoandikwa kabila, kulikuwa na redio, vizuizi vya barabarani na viongozi wa mitaa walioitisha watu. Majirani waliua majirani, ndiyo, lakini waliua wakiwa wameitwa, na kuua kwenyewe kuliitwa kazi. Anayekwambia kwamba hivyo ndivyo watu wanavyokuwa serikali ikiondoka, amegeuza mambo juu chini.

New Orleans nako, huko Marekani, kimbunga Katrina kilipoupiga mji mwishoni mwa Agosti 2005, uvumi ulienea kwamba watu waliokimbilia uwanja wa Superdome walikuwa wakichinjana. Karibu yote yalikuwa uongo. Lakini uongo ule ulifanya kazi: polisi waliondolewa kwenye uokoaji wakapelekwa kuzuia uporaji, na tarehe 4 Septemba, kwenye daraja la Danziger, polisi waliwafyatulia risasi raia wasio na silaha wakawaua wawili. Hofu ya unyama wa watu ndiyo iliyozaa unyama.

Sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Leningrad, mji wa Urusi, ilizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na katika majira ya baridi ya kwanza wengi walipewa gramu 125 za mkate kwa siku. Watu walikula watu. Waliokamatwa kwa kosa hilo walikuwa wapatao 2,000, katika mji wa watu milioni mbili na nusu hivi. Katika mji huohuo, watafiti wa taasisi ya mbegu aliyoijenga mwanasayansi wa mimea Nikolai Vavilov walilinda magunia ya mpunga, mahindi na ngano, na baadhi yao wakafa kwa njaa nafaka ikiwa pembeni. Vavilov mwenyewe hakuwepo. Serikali ilikuwa imemfunga tangu 1940, naye akafia gerezani Saratov Januari 1943, akiwa amedhoofishwa na njaa. Katika kisa hiki kimoja mna wenye njaa waliokula wenzao, wenye njaa waliokataa kugusa mbegu, na dola iliyomwacha mlinzi wa mbegu akonde hadi kufa huku ofisi zake zikiendelea kugonga mihuri. Riwaya inayonionyesha wa kwanza peke yake imenipa theluthi ya ukweli.

Na kwa sisi wa karibu: tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria mlangoni mwa uwanja wa Bukoba, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walitoka hai. Hakuna aliyewaamuru wale wavuvi.

Basi waandishi hawa wanadanganya?

Wanaodanganya ni wale wanaoufanya ukatili uonekane kama mvua, kitu kinachonyesha tu. Mwandishi mzuri anajua kwamba hata katika majivu ukatili una mpangilio: kuna anayeshika funguo, kuna anayepika, kuna anayekaa kimya ili apate sehemu yake. Nikisoma, huwa naandika pembeni mwa ukurasa nani alitoa amri. Nikimaliza kitabu sina hata jina moja pembeni, najua nilichosoma.

Nimesikia The Road inatisha kupita zote. Niisome?

Onyo: jibu hili linafichua hadithi.

Cormac McCarthy aliitoa mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Baba na mwanawe, wasiotajwa majina, wanatembea kuelekea kusini katika Marekani iliyofunikwa majivu, wakisukuma kitoroli cha dukani chenye mali yao yote. Wana bastola yenye risasi mbili. Kilichoiharibu dunia hatuambiwi. Saa zilisimama, kukawa na mwanga na mishindo, basi.

Kabla hujaamua, elewa jinsi kitabu kilivyotengenezwa. Miti imekufa, mifugo hakuna, hakuna kinachoota. Kilichobaki ni makopo ya zamani na miili ya watu. McCarthy ameondoa kilimo, uvuvi na ufugaji, yaani kila kazi inayowafanya watu wahitajiane. Mtu mwingine hawezi tena kukusaidia kulima wala kuvuta jarife. Amebaki kuwa mdomo, au nyama. Mwandishi amefunga milango yote makusudi ili aone kama upendo wa baba utabaki na nafasi ya kupumua. Ukikisoma kama utabiri wa siku zijazo utatoka umevunjika bure.

Kurasa ambazo kila mtu huzitaja ni pale wanapofungua mlango wa sakafuni katika nyumba moja na kukuta watu wamefungiwa chini kama akiba ya chakula. Tukio lenyewe ni fupi sana. Mwandishi hakai mle. Wanatoka mbio, nasi tunatoka nao. Anachokaa nacho ni mtoto baadaye, akitaka kuhakikishiwa na baba yake kwamba wao hawatakula mtu hata wakifa njaa.

Linalonisumbua mimi ni tukio jingine, karibu na mwisho. Mwizi ameiba kitoroli. Baba anamkimbiza, anampata, anamlazimisha avue nguo zote na viatu, anamwacha uchi kwenye baridi. Mtoto analia, anaomba, na hatimaye baba anarudi na kuziacha nguo barabarani, lakini yule mtu hayupo tena. Baba huyu tumemfuata tangu ukurasa wa kwanza, tumemwonea huruma, tumesali naye. Na hapo katili ni yeye. Hakuna genge wala mwendawazimu, ni mzazi mwenye hofu. Nililisoma tukio hilo usiku, umeme umekatika, wanangu wamelala chumba cha pili, na nilijua bila kujidanganya kwamba ningeweza kufanya vilevile.

Kwa hiyo ndiyo, isome. Lakini kama umefiwa karibuni, au una mtoto mchanga na usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu, isubirishe. Kitabu hakitaharibika rafuni.

Nitamtambuaje mwandishi anayeuonyesha ukatili na yule anayeuuza?

Angalia anakaa wapi baada ya tendo. Anayeuza hukaa na kisu: kiliingia wapi, damu ilirukaje, sauti gani ilitoka. Tendo likiisha, sura imeisha, na aliyeumizwa hatumwoni tena. Anayeonyesha hubaki na aliyeumizwa. Nani alimwosha, nani alimletea maji, alilala vipi usiku ule.

Octavia Butler alilitafutia jambo hili njia ya peke yake. Katika Parable of the Sower, aliyoitoa mwaka 1993 na kuianzisha katika California ya mwaka 2024, binti Lauren Olamina ana hali inayomfanya ahisi katika mwili wake maumivu ya kila anayemwona akiumia. Akimpiga mtu, anaanguka naye. Akiua ili ajiokoe, anakionja kifo kile. Ndani ya kitabu mna mauaji, uchomaji wa nyumba, ubakaji na utumwa, kwa kweli ni vingi, lakini hakuna hata kimoja kinachopita bure kwa sababu msimulizi wetu anakilipia. Sijawahi kuona mwandishi mwingine akiukata utamu wa kisasi kwa ustadi kama huo. Zaidi ya hapo, watu wake wanapotembea kwenye barabara kuu kwenda kaskazini, kundi linakua. Wanapeana zamu ya kulinda, wanafundishana kusoma. Butler hakuona haja ya kuchagua kati ya ukatili na ushirikiano. Aliviandika kwenye ukurasa mmoja.

Dalili nyingine ndogo: katika vitabu vya wauzaji, wanawake hufa ili mwanamume apate sababu ya kulipiza. Ukiona hivyo mara mbili, kifunge.

Nifanyeje na matukio ya ubakaji?

Ruka ukitaka. Hakuna mtihani. Rafiki aliyekwisha kukisoma anaweza kukutajia kurasa, na kumwomba hivyo si aibu.

Kama unataka kuona jambo hili likiandikwa kwa heshima, José Saramago, Mreno aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1998, alitoa mwaka 1995 riwaya iitwayo kwa Kiingereza Blindness, ya upofu mweupe unaowakumba watu wa mji mzima. Vipofu wa kwanza wanafungiwa katika hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili, na wanajeshi wanalinda nje. (Hapa tena kuna amri na kuna lindo, dola haijaondoka.) Genge lenye bastola linateka chakula, kwanza linadai mali, kisha linadai wanawake. Ni sura nzito kuliko nyingi nilizosoma. Lakini wanawake wanakwenda pamoja na kurudi pamoja, na mmoja anapokufa, mke wa daktari, ambaye peke yake bado anaona, anatafuta maji na kumwosha, na kuwaosha wenzake. Sisi tunaojua maana ya kumwosha maiti tunaelewa kwamba pale, katika uchafu ule, mtu amerudishiwa heshima yake. Mwandishi anakaa na maji yale muda mrefu.

Nilipitia vita, au nililelewa ukimbizini. Vitabu hivi vinanifaa?

Wewe ndiye mwenye kujua. Wasomaji wa Kiswahili wengi wametoka Kivu, Burundi na Rwanda, na kwao kutembea siku nyingi na mzigo kichwani huku mtoto akishika pindo la kanga ni kumbukumbu. Msomaji mmoja aliyekulia kambini Kigoma aliniambia kwamba walao watu wa The Road hawakumtikisa. Kilichomshinda ni yule baba kuhesabu makopo, kwa sababu mama yake alikuwa akihesabu vikombe vya unga wa posho kila jioni, kwa sauti ya chini, watoto wakijifanya wamelala.

Wengine wameniambia kinyume, kwamba waliona nafuu kukuta hofu yao imeandikwa na mtu mwingine. Soma mchana, si usiku. Soma na mwenzako. Mwili ukianza kukuambia acha, mikono ikitoka jasho, usingizi ukipotea, uusikilize kabla ya kumsikiliza mtu yeyote anayekusifia kitabu, mimi nikiwemo.

Mwanangu wa kidato cha pili anazitaka. Nimpe?

Soma wewe kwanza. Kisha msome pamoja, na muulize anadhani nani alikuwa na nafasi ya kukataa. Vijana wengi wameshaona mabaya zaidi kwenye simu zao, bila mtu wa kuzungumza naye. Saramago na Butler ningewasubirisha hadi kidato cha tano au cha sita.

Zinafundisha namna ya kuokoka?

Hapana. Ukitaka hilo, jifunze huduma ya kwanza na kuogelea, na uwajue majirani zako kwa majina.

Kwa Kiswahili kuna chochote?

Kipo, na kina sura yake. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa takriban miaka 200 iliyopita, unautazama mji wa Pate baada ya fahari yake kuanguka. Majumba ya mabwana yamebaki matupu. Katika zidaka, yale matundu ya ukutani yaliyopangwa sahani za thamani, sasa wanalala makinda ya ndege. Hakuna genge linalovizia kwenye magofu yale. Mshairi anauongelesha moyo wake mwenyewe na kuuuliza unangoja nini. Ni fasihi ya dunia iliyokwisha, na swali lake linarudi kwa msemaji badala ya kumwendea adui. Kila ninaporudi kutoka kwenye riwaya za Kimarekani nahisi tofauti hiyo.

Ukitaka nathari, tafuta Mzingile ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1991. Si rahisi, na si hadithi ya kusaka makopo, lakini msimulizi wake anapita katika dunia iliyoharibika akitafuta kama kuna wa kumjibu. Natamani kijana mmoja wa leo aandike mji wa pwani baada ya bahari kupanda, na aweke mle mchuuzi wa maji, imamu, dereva wa bodaboda na mjane, kisha atuambie nani aliyefunga kisima na kwa amri ya nani.

Nimeshindwa kumaliza. Nianze upya na kipi?

Station Eleven ya Emily St. John Mandel, ya mwaka 2014. Homa imewaua karibu watu wote, na miaka 20 baadaye kundi la waigizaji na wapiga muziki linazunguka kandokando ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini likiigiza Shakespeare. Ukatili umo, na yumo mtu anayejiita nabii, lakini unapewa pumzi kati ya kurasa.

Katika vitabu hivi vyote, tukio gani hulisahau?

Mzee katika The Road. Wanamkuta barabarani peke yake, haoni vizuri, ananuka, anajikunja akidhani wanakuja kumwibia. Baba anataka wampite. Mtoto anang'ang'ania, basi wanampa kopo la matunda, na usiku ule wanakula naye kwenye moto. Baba anamwambia amshukuru mtoto, kwa maana yeye asingempa kitu. Mzee hashukuru, na anasema wazi kwamba angekuwa yeye, chake asingekitoa. Asubuhi mtoto anahakikisha anaondoka na makopo mengine.